Kumwanzisha mtoto mdogo kwenye pikipiki ya nje ya lami hapa Mombasa: aanze na breki

Watoto wa Mombasa huizoea pikipiki mapema mno. Wengi wamepelekwa chekechea wakiwa wamebanwa katikati ya mama na mwenye boda, na baadhi yao wameshakalishwa juu ya tangi wakashikishwa usukani ili wanyamaze. Basi mtoto wa miaka mitano akiona kipikipiki cha kimo chake hudhani kazi imekwisha, kumbe anachokijua ni kubebwa tu. Kuendesha ni jambo jingine, na sehemu ya kwanza ya kuendesha ni kujua kusimama.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mjomba, ami au shangazi anayetaka kumwanzisha mtoto wa miaka minne hadi minane kwenye vipikipiki vya cc 50, kwenye shamba au kiwanja. Barabarani hapana. Sheria ya Trafiki ya Kenya haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kuendesha chombo cha moto barabarani, na usidhani barabara ni lami ya Nyali peke yake. Kile kijia cha mtaani kwenu kinachopitwa na tuktuk nacho kimo.

Jingine ulijue kabla hujatoa pesa. American Academy of Pediatrics, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, kinashauri mtoto wa chini ya miaka 16 asiendeshe kabisa vyombo vya moto vya nje ya barabara. Hiyo ni rai ya watu wanaopokea mifupa iliyovunjika, na si ya kupuuzwa. Mimi naona mtoto anaweza kuanza, kwa masharti yaliyo hapa chini, na masharti hayo hayachaguliwi moja moja kama mboga sokoni. Ukiona huyawezi yote, mnunulie baiskeli nzuri.

Je, mtoto ameiva?

Umri peke yake haukwambii mengi. Yamaha hukilenga kipikipiki chake cha PW50 kwa watoto wa kama miaka minne hadi saba. Mafunzo ya pikipiki za vumbi ya Motorcycle Safety Foundation, Marekani, hayampokei mtoto aliye chini ya miaka sita. Ninavyoona, mtoto wa miaka minne anaweza, lakini wengi wa umri huo bado, na kungoja mwaka mmoja hakumpunguzii mtu chochote.

Mpime kwanza kwa baiskeli. Asiyeweza kuendesha baiskeli ya magurudumu mawili, bila vile vigurudumu vya pembeni, asiguse pikipiki. Vigurudumu hivyo havimfunzi mizani. Vinamzoesha kukata kona akiwa wima kama mlingoti, na siku vikitolewa anaanza upya, safari hii akiwa na woga.

Kama bado, usinunue kitu. Shusha siti ya baiskeli yake mpaka nyayo zote mbili zikanyage chini, kisha toa pedali kwa spana namba 15. Ya kulia hufunguka kama nati yoyote. Ya kushoto hufungwa kinyume, kwa hivyo izungushe upande unaokwenda mshale wa saa, la sivyo utazidi kuikaza huku ukimlaumu aliyeifunga. Mwache ajisukume kwa miguu uani. Taratibu atarefusha hatua, kisha utamwona ameinua miguu yote miwili na anateleza. Akiweza kuteleza hivyo na kukata kona, rudisha pedali. Kazi ngumu kuliko zote umeshaimaliza, na hujanunua petroli hata tone.

Kisha mpime sikio. Akiwa anakimbia na wenzake, mwambie "Simama!" Akisimama papo hapo, kila mara, hata mchezo ukiwa umenoga, yuko tayari kufundishwa. Akisimama pale alipotaka mwenyewe, kipikipiki kitamsubiri.

Na jiulize wewe pia: hamu hii ni ya nani? Wapo akina baba wanaomnunulia mtoto kile walichokikosa wao walipokuwa wadogo. Mtoto anayelia kila akivalishwa helmeti ameshajibu.

Kipikipiki gani

PW50 ndicho ninachokipendekeza kwanza kwa mtoto mdogo. Kimekuwepo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980 na umbo lake halijabadilika sana, kwa hivyo fundi mzoefu hakishangai. Hakina gia za kubadilisha wala klachi ya kuminya. Siti iko kama sentimita 48 kutoka chini na uzito wake ni kama kilo 41, yaani mtu mzima mmoja anakiinua. Kina shafti badala ya cheni, basi hakuna cheni ya kula vidole. Breki zote mbili ziko mkononi kama za baiskeli: ya kulia ni ya gurudumu la mbele, ya kushoto ni ya nyuma. Na kwenye eksileta kuna skrubu ya kuzuia. Ukiikaza, mtoto hata azungushe mkono mpaka mwisho, injini haitavuka pale ulipoiruhusu. Kwa skrubu hiyo peke yake ningekinunua.

Honda CRF50F ni ya injini ya foro stroki, ina gia tatu na klachi inayojifanyia kazi yenyewe. Siti yake iko kama sentimita 55 na inakaribia kilo 50. Breki ya nyuma iko mguuni. Hiyo mpe mtoto wa miaka sita au saba ambaye miguu yake tayari inaweza kukumbuka kazi mbili.

KTM 50 SX ni mashine ya mashindano. Usimwanzishe nayo, hata akiitamani vipi.

Kama mnaishi gorofani, au shamba mlilopata liko karibu na nyumba za watu, fikirieni za umeme. Stacyc ndogo, ya magurudumu ya inchi 12, ina siti ya kama sentimita 33, haipigi kelele, na haina ekzosi ya kumchoma mtoto mguu. Mtoto anaweza kuanza kwa kujisukuma ikiwa imezimwa, kisha ukaiwasha kwa mwendo wa chini kabisa. Kwa wa miaka minne naona hiyo inazishinda zote.

Vile vipikipiki vya bei rahisi vya cc 49, vya kuvuta kamba, vinavyoletwa bila jina la maana, viogope. Breki zake mara nyingi ni za kujifariji na ekzosi iko wazi pale pale ulipo mguu wa mtoto.

Kimo hakina mjadala. Akikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini zikiwa bapa na magoti yakunje kidogo. Usinunue ya kukulia kama unavyonunua sare ya shule.

Ukinunua mtumba, usianze kwa kusikiliza injini. Zungusha eksileta mpaka mwisho, kisha iachie ghafla. Irudi yenyewe, kwa kishindo, mara moja. Fanya hivyo usukani ukiwa katikati, kisha umekatwa kushoto, kisha kulia. Huku kwetu chumvi na mchanga huingia ndani ya kebo, na eksileta inayorudi kwa kujivuta ndiyo itakayompeleka mtoto ukutani. Kebo mpya si ghali, lakini isipobadilishwa usilipe. Baada ya hapo tingisha gurudumu la mbele ukiwa umelishika pande mbili. Likicheza, beringi imekwisha. Minya breki huku unakisukuma. Tazama spoki kama zimeliwa na kutu pale zinapoingia kwenye rimu.

Mavazi

Helmeti inunuliwe mpya, ya mtoto, ya kufunika uso wote, yenye alama ya kiwango cha usalama, DOT au ECE. Pima kichwa kwa utepe wa fundi cherehani, juu kidogo ya nyusi na kuzunguka nyuma pale panapotokeza zaidi. Watoto wengi wa umri huu huwa kati ya sentimita 50 na 53. Mvalishe, funga mkanda, kisha mwambie atikise kichwa. Ngozi ya paji la uso iende na helmeti. Jaribu kuivua kwa kuivuta kutoka nyuma bila kufungua mkanda. Ikitoka, hiyo si yake. Ikimwinamisha shingo kwa uzito, nayo si yake.

Helmeti ya mtumba usinunue hata ikiwa inang'aa. Povu la ndani hufanya kazi mara moja tu: likishapondeka halirudi, na kwa nje huoni kitu. Ya boda, ile inayovaliwa na abiria hamsini kwa siku, usiifikirie.

Binti anayevaa hijabu avae kitambaa cha ndani cha kubana, kisicho na pini wala fundo. Pini chini ya helmeti ni msumari. Nywele zilizosukwa zikatiwa shanga nazo zifunguliwe au zisukwe tena bila shanga, kwa sababu zitamuumiza hata asipoanguka, na atachukia mchezo mzima bila wewe kujua sababu.

Miguuni, buti za motokrosi za watoto ni bora zaidi. Ukikosa, viatu vya kufunika kifundo na kamba zilizofichwa ndani, pamoja na jinzi nzito. Gambuti zinalegea na zinachemka, ila ni afadhali kuliko makubadhi. Glavu ni lazima, maana mtu akianguka hutanguliza viganja. Vikinga magoti na viwiko vya wanaoteleza kwa viatu vya magurudumu vinatosha kwa mwanzo. Miwani ya vumbi inunuliwe pamoja na helmeti ili ikae sawa kwenye uwazi wake. Mikono mirefu. Kanzu ya madrasa ivuliwe kwanza, na hapo sitanii.

Uwanja

Kila mtu hufikiria ufuoni. Futa wazo hilo. Nyali na Bamburi kuna watu, ngamia, wachuuzi na watoto wengine wanaochimba mchanga. Mchanga mkavu ni mzito kwa anayeanza: gurudumu la mbele linazama na usukani unajikata wenyewe. Mchanga mbichi ni mgumu na unavutia, lakini unarusha maji ya chumvi kwenye kila nati. Isitoshe kasa hutaga kwenye fuo zetu, na bahari ikijaa haimngoji mtu.

Tafuta kiwanja au shamba lenye ua, la ukubwa wa kama nusu ya uwanja wa mpira. Upande wa Utange, Vikwatani, Miritini na Jomvu bado yako mashamba na viwanja ambavyo havijajengwa. Omba ruhusa kwa mwenyewe, si kwa mlinzi wa lango peke yake. Uwanja wa shule wakati wa likizo pia unafaa, ukikubaliwa.

Kisha uukague kwa miguu, pole pole, kabla mtoto hajafika. Unatafuta mawe ya tumbawe yaliyochomoza, misumari, mizizi, vigae vya chupa, shimo la choo lililofunikwa kwa mabati, kisima kisicho na mdomo. Kama kuna timbo karibu, ondokeni. Ukingo wa timbo hauonekani mpaka umefika, na hakuna kona ya kujifunzia hapo.

Shamba la mnazi lina kivuli kizuri na lina hatari yake juu. Mwite mkwezi aangue nazi zote zilizokomaa kabla ya siku ya kwanza, na makuti makavu nayo yashushwe. Kusanya makumbi yote yaliyotapakaa chini, maana kumbi likiingia chini ya gurudumu la mbele linabingirika nalo. Lakini usiyatupe. Makumbi ndiyo alama bora za uwanja nilizowahi kutumia: yanaonekana, hayapeperushwi na upepo, na mtoto akiligonga moja halimuumizi. Weka lundo mbali na njia, uchukue machache unapopanga mazoezi.

Waambie majirani siku na saa. Injini izimwe wakati wa adhana, na kama kuna madrasa ng'ambo ya ua, panga saa nyingine.

Siku ya kwanza: injini imezimwa

Mtoto akae, avae kila kitu, na asiwashe kitu. Mwonyeshe swichi ya kuzima. Mfumbe macho aitafute kwa kidole gumba, tena na tena, mpaka aipate bila kupapasa. Mwonyeshe breki ya nyuma. Kisha msukume wewe, taratibu, ukiwa nyuma ya siti. Kazi yake ni moja: ukisema "breki", aminye na asimamishe. Msukume mwendo wa kutembea, kisha wa kukimbia kidogo. Geuka, rudi.

Kwenye PW50 anza na mkono wa kushoto, breki ya nyuma. Sababu ni kwamba mkono wa kulia una kazi mbili, eksileta na breki ya mbele, na mtoto mdogo akitaka kuzifanya zote kwa pamoja huishia kufanya ile isiyotakiwa. Breki ya mbele mwongezee baadaye, kwa kidole kimoja au viwili, akiwa amenyoosha usukani. Akiiminya akiwa kwenye kona ya mchanga ataanguka, na asitoke hapo akidhani breki ni adui.

Siku ya kwanza inaweza kuishia hapo. Atalalamika. Mwache alalamike.

Injini inawaka, haiendi popote

Inua gurudumu la nyuma kwa stendi imara au kreti ngumu chini ya injini, mtu mzima mwingine akishika usukani. Kaza ile skrubu ya kuzuia. Washa. Mtoto azungushe eksileta kidogo mno, asikie injini inapanda, aachie, asikie inashuka. Mikono na nguo za kila mtu ziwe mbali na gurudumu.

Hapa ndipo utamfunza kifundo cha mkono. Akishika eksileta, kifundo kiwe chini kidogo ya kiganja, si juu. Kikiwa juu, kila akishtuka na mwili ukirudi nyuma, mkono unavuta mafuta zaidi. Kikiwa chini, hawezi kuzungusha sana bila kukusudia.

Hilo la kushtuka ndilo chanzo cha ajali nyingi za wanaoanza, na linafaa kutazamwa kwa karibu. Mpwa wangu wa miaka mitano, mara ya kwanza kipikipiki kilipotoka chini yake, alifanya kile wanachofanya wote. Kilitoka, mabega yakarudi nyuma, viwiko vikanyooka, na kwa sababu anaogopa akakaza mikono. Mkono wa kulia ukikazwa huku mwili unarudi nyuma, eksileta inafunguka. Kipikipiki kikaongeza mwendo, naye akazidi kukaza. "Mjomba, kinanivuta!" Alikuwa anajivuta mwenyewe. Skrubu ilikuwa imekazwa, kwa hivyo mwendo wenyewe ulikuwa wa mtu anayewahi feri, nami nikafika kwenye swichi. Tulirudi kwenye kreti tukafanya zoezi moja tu: nikimtingisha mabega kutoka nyuma, anafungua vidole vya mkono wa kulia. Fungua, fungua, fungua. Mwili ujue kwamba ukishtuka, mkono wa kulia unafunguka.

Mita kumi

Chora mstari kwa unga au chokaa, na mwingine mita kumi mbele. Anaondoka kwenye mmoja, anasimama kwenye mwingine. Basi. Hakuna duara, hakuna kona. Wewe kimbia pembeni, nyuma kidogo, mkono ukiwa tayari kushika mgongo wa siti, au mkanda wa kikinga kifua kama amekivaa. Usukani usiushike hata mara moja, ukiushika unamwangusha. Na vaa viatu. Sijui kwa nini watu hukimbia na pikipiki wakiwa na kandambili.

Mtu mmoja tu ndiye azungumze. Bibi, shangazi na binamu wanaotazama wakipiga kelele "Pole pole! Kata! Breki!" mtoto hasikii hata mmoja. Kwa vile helmeti na injini vinaziba masikio, kubalianeni ishara: kiganja kilichoinuliwa ni simama, mkono ukishuka chini ni punguza. Ukiinua kiganja asiposimama, zoezi limekwisha kwa dakika tano na kipikipiki kimezimwa. Bila hasira, bila hotuba.

Akiweza kusimama kwenye mstari bila kuupita, mara nyingi mfululizo, fungua skrubu robo ya mzunguko. Si zaidi.

Kona, nane, kisha miguu

Panga makumbi manne kama pembe za uwanja mkubwa, azunguke kwa nje. Mwambie aangalie kumbi linalofuata, asiangalie gurudumu. Macho yakishuka chini, kipikipiki kinafuata macho. Akate upande mmoja mpaka azoee, kisha mgeuze. Karibu kila mtoto ana upande anaoupenda, na ule mwingine ndio wa kufanyia kazi.

Kisha makumbi mawili na namba nane. Akae mbele karibu na tangi, viwiko viwe nje kidogo, mguu wa upande wa kona utangulie mbele bila kukanyaga chini. Mtoto anayeburuta miguu yote miwili muda wote hana mizani bado. Mrudishe kwenye baiskeli siku moja mbili.

Kusimama juu ya vikanyagio kuje mwisho: magoti yamekunjwa kidogo, yakibana kipikipiki, makalio yametoka kwenye siti. Fanya kwanza kimezimwa, wewe ukikishika. Akizoea, miguu ndiyo inayobeba matuta, si mgongo. Ukipenda tengeneza tuta dogo la udongo, la urefu wa kiganja. Kuruka hewani si kwa mwaka huu.

Jua

Helmeti, glavu na mikono mirefu kwenye joto la kaskazi ni tanuri. Endesheni kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi na nusu jioni. Jioni usijivute sana: jua letu huzama kabla ya saa moja mwaka mzima na giza huingia haraka. Dakika 15 kwenye kiti, kisha helmeti ivuliwe, kivulini, maji au dafu, na pumziko la muda ule ule. Mizunguko mitatu inatosha kwa mtoto mdogo. Akianza kukosea alichokiweza dakika chache zilizopita, amechoka, hata akiapa hajachoka. Kichwa kikimuuma, akihisi kichefuchefu au akiwa moto huku haelewi unachomwambia, mvue vyote, mmwagie maji, mpeleke kwa daktari. Mtoto aliyefunga Ramadhani asiendeshe.

Akianguka

Ataanguka. Zima injini kwanza, kisha muinamie. Usimnyanyue kwa kwapa kumsimamisha ili aone hakuna neno. Mwache alale, mwulize wapi panauma, aguse mwenyewe. Kama ameumia shingo au haamki, usimsogeze wala usivue helmeti, isipokuwa hawezi kupumua. Piga 999 au 112. Aliyegonga kichwa kisha akatapika, akasinzia au akaanza kuuliza swali moja tena na tena, aonwe na daktari siku hiyo hiyo. Akiungua kwa ekzosi, mwagia maji safi baridi yanayotiririka kwa dakika 20. Dawa ya meno na mayai viacheni jikoni.

Ijue njia ya hospitali kabla ya kuihitaji. Kama uwanja wenu uko Likoni au Mtongwe, chagueni hospitali ya upande huo huo. Mpango wa dharura usitegemee foleni ya feri.

Chumvi

Kinachoua vipikipiki hapa Mombasa ni chumvi kuliko mwendo. Hata usipokwenda ufuoni, upepo wa bahari unaileta, na maji ya kisima ya mitaa mingi ni ya chumvi pia. Kuosha kwa maji hayo ni kukipaka kutu. Osha kwa maji matamu, ndoo moja na kitambaa, kausha, kisha paka oili nyepesi kwenye spoki, nati na mahali kebo zinapoingia. Kama kina cheni, ipake oili yake.

Sponji ya kisafisha hewa itoe kila baada ya siku ya vumbi. Ioshe kwa sabuni na maji ya uvuguvugu, ikauke kabisa, kisha itie oili yake na uikamue. Sponji kavu inapitisha mchanga mpaka ndani ya silinda. Injini ya PW50 ni ya tu stroki, yaani huchoma oili pamoja na petroli, na oili hiyo ina tangi lake. Litazame kila mara kabla ya kuwasha, maana likikauka injini inajisaga. Upepo wa magurudumu ujazwe kama kitabu kinavyosema, na usimwachie jamaa wa puncha akujazie kama ya boda. Kikikaa zaidi ya mwezi, mwaga petroli iliyobaki kwenye kabureta.

Kukibeba ni rahisi: PW50 inaingia nyuma ya Probox viti vikikunjwa. Funga koki ya petroli, kifunge kwa kamba pande mbili, fungua madirisha, na mtoto asikae nyuma nacho.

Kikiwa kidogo kwake

Magoti yakianza kugonga usukani akikata kona, kimekuwa kidogo kwake. Asipande moja kwa moja kwenye cc 65 yenye klachi ya kuminya. Apite kwanza kwenye gia bila klachi ya kuminya, kama CRF50F, ndipo vidole vyake vifunzwe klachi. Kama ana hamu ya mashindano, mpeleke kwanza atazame motokrosi kule Jamhuri, Nairobi, ambako huwa kuna daraja la watoto la cc 50, na umwulizie masharti kwa Kenya Motor Sports Federation. Mashindano ni mchezo mwingine wenye gharama nyingine, na mtoto anayefurahia kuzunguka makumbi hana deni la kwenda huko.

Kipikipiki kidogo ukikiuza, kiuze pamoja na kitabu chake na skrubu ikiwa imekazwa, umwonyeshe mnunuzi ilipo. Helmeti usiiuze. Ikate mkanda kabla ya kuitupa, asije mtu akaiokota akamvalisha mtoto mwingine.